Nyuzi 49 dirishani

Nilipopewa kazi ya kuchora mpangilio wa awamu ya pili ya makazi, nilianza kwa kutembelea awamu ya kwanza. Chumba cha chini kabisa, saa sita mchana, taa inawaka. Mama mwenye nyumba alikuwa amesogeza cherehani hadi mlangoni. “Hilo dirisha ni la hewa tu, mwanangu,” akaniambia.

Nikawaza kupanua madirisha. Bure! Dirisha likitazama ukuta, ukilipanua unaongeza ukuta wa kutazama. Mwanga wa mchana hutoka angani, na pale anga ilikuwa imezibwa.

Nikachukua kipimapembe cha shule, nikakifunga uzi wenye nati, nikasimama katikati ya dirisha na kulenga ukingo wa paa la mbele. Uzi ukatulia kwenye nyuzi 49. Wapangaji miji wengi hutumia kipimo chepesi kilichotoka Uingereza: jengo la mbele lisipande zaidi ya nyuzi 25 kutoka katikati ya dirisha la chini. Ni chujio la kuanzia tu, lakini kwangu lilitosha. Majengo yalikuwa na kimo cha mita 12, uchochoro mita 9. Ili nifike 25 kwenye awamu ya pili bila kugusa kimo, ningehitaji uchochoro wa mita 22 na nusu. Mwenye mradi alicheka.

Tulivutana wiki tatu. Mwishowe nyua za nyuma, ambazo kule awamu ya kwanza hakuna aliyezitumia ila kutupia makorokoro, tukazimega, uchochoro ukawa mita 16 na nusu. Ghorofa ya juu tukaiondoa pale majengo yanapotazamana, tukaipandisha kwenye ncha zinazoelekea barabara pana. Kimo kikashuka hadi mita 9. Nyumba chache zilipotea, sitaficha. Kingo za juu za madirisha nilizisogeza karibu na dari, maana sehemu ya juu ya dirisha ndiyo inayopeleka mwanga ndani kabisa ya chumba. Kuta za nje tukazipaka nyeupe.

Majengo yalipoezekwa nilirudi na kipimapembe changu. Nilitegemea 24 na kitu, uzi ukasema 27. Kumbe mafundi walikuwa wamejenga ukuta wa sentimita 90 pembezoni mwa paa, kuficha matangi ya maji! Ulivunjwa, pakawekwa vyuma vyembamba, na matangi sasa yanaonekana. Mwenye mradi bado hajanisamehe.