Nilivyowatafutia Msafiri na Chausiku kwao kupya, paka wawili wasioachana

Niseme mapema, mi sio mtu wa paka. Mi ni fundi simu, kibanda changu kipo Mwanga hapa Kigoma, na unywele mmoja wa paka ukidondokea kwenye bodi niliyoifungua naweza nikanuna mpaka jioni. Ila mwaka 2024 niliachiwa paka wawili wazima na muda usiofika miezi miwili wa kuwatafutia pa kukaa, na nimeona niandike kwa sababu kwetu huku paka akimshinda mtu anatiwa kwenye gunia, gunia linazungushwa zungushwa asijue njia ya kurudi, anamwagwa sokoni usiku, imeisha hiyo.

Walikuwa paka wa mama mkubwa, kule Ujiji. Msafiri ni dume, rangi yake njano iliyoiva kama embe, mama mkubwa alimuokota stesheni ya treni akiwa kitoto ameshuka na mizigo ya watu, ndo jina likatokea hapo. Chausiku ni jike, mweusi tii, alizaliwa usiku uvunguni mwa kitanda cha mama mkubwa, na mama yake aligongwa na pikipiki kabla hajamaliza kunyonyesha. Sasa huyo Msafiri, dume ambalo kwa kawaida halina habari na watoto wa mtu, akawa ndo analala nae na kumlamba. Tangu hapo ni miaka mitano hawajawahi kulala mbalimbali. Chakula chao sufuria moja, ndogo, imebonyea upande, mama mkubwa anaigonga na kijiko mara tatu wanakuja mbio. Chausiku anakula kwanza, Msafiri anakaa kampa mgongo anaangalia mlango kama askari wa lindo, Chausiku akishiba anamlamba mwenzie sikio moja (la kushoto, sijui kwa nini la kushoto) halafu ndo Msafiri nae anainama kula.

Mwezi wa sita mama mkubwa nyonga ikazidi, dada akaamua amchukue akakae nae Dar. Dada anaishi ghorofani na mtoto wake ana pumu, kwa hiyo paka hapana. Nyumba ya Ujiji ilikuwa ya kupanga, mwenye nyumba akataka funguo mwisho wa mwezi wa saba. Mi mwenyewe nina chumba kimoja Katubuka, uani kuna mbwa wawili wa mwenye nyumba wasiotaka kuona mkia wa kiumbe kingine. Mama mkubwa hakuongea sana, aliniita tu akaniambia, "Mwanangu, usiwatupe. Na usiwatenganishe." La kwanza nililishika. La pili nikaliona ni maneno ya mtu mzima anayeagana na vyake.

Na kumbuka mwaka ule ziwa lilikuwa limefungwa. Tanganyika yote uvuvi ulisimama kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi zote nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Dagaa hawashikiki bei, sasa unamwambia nani apokee midomo miwili ya kula dagaa kipindi hicho. Kwa hiyo jamaa mmoja wa Gungu alivyosema anamchukua Msafiri peke yake nikaona afadhali, mmoja kashapata, huyu wa pili tutajua mbele ya safari.

Hilo ndo kosa langu, na sina wa kumsingizia.

Chausiku usiku wa kwanza alizunguka nyumba nzima analia, sio ule mlio wa njaa, mlio mrefu wa chini kama mtu anayeita kwa mbali. Nilikuwa nalala Ujiji siku hizo kulinda nyumba, sikufumba jicho. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu nikamnunulia samaki, mgebuka wa kukaanga, kwa hela ya kuumia kabisa, akaunusa akaenda kulala pale kwenye mkeka walipokuwa wanalala wote. Nikampigia daktari wa mifugo, akaniuliza ni mnene? Nikasema amenawiri. Akaniambia basi usicheze, paka mzima akikaa siku kadhaa hajala, hasa aliyenona, mafuta yanajazana kwenye ini, na ini likishagoma kumrudisha ni kazi kubwa. Mi nilikuwa nadhani paka akisusa ni maringo tu.

Nikapiga Gungu kuuliza habari za Msafiri, jamaa anacheka, anasema huyo paka wako amepanda juu ya dari tangu siku uliyomleta hajashuka, usiku tunasikia tu vishindo. Nikafunga kibanda nikaenda. Nimepanda na tochi ya kichwani, vumbi, buibui, namkuta kajikunja kwenye kona kabisa macho kama taa za gari, nikamshika kizembe akaning'ata kidole gumba. Kidole gumba cha fundi simu jamani. Kidonda nikakiosha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nikiangalia saa, nikaenda hospitali nikaanzishiwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na paka nikaambiwa aangaliwe siku 10, akibaki mzima hiyo siku ya 10 ina maana siku aliyoning'ata hakuwa na uwezo wa kuniambukiza. Alibaki mzima. Ila bisibisi sikuishika wiki nzima, simu za watu zikalala kibandani.

Mi nilitegemea wakionana itakuwa furaha. Wapi! Namfungulia tenga, Chausiku anamsogelea, ananusa shingo, akamtemea "hhhh!" mkia umevimba kama brashi ya chupa, akampiga kofi. Nikabaki nimeduwaa, nikasema basi nimeshawaharibu. Daktari kwenye simu akaniambia paka anamjua mwenzie kwa harufu zaidi ya sura, na huyu amerudi ananuka nyumba ya watu. Chukua nguo yenye harufu ya nyumbani umfutefute. Nikachukua kanga ya mama mkubwa ambayo haijafuliwa, nikamfuta Chausiku mashavuni (pale ndo wana harufu yao, ndo maana wanajisugua shavu kwenye miguu ya meza na miguu ya watu), halafu kanga ileile nikamfuta Msafiri mwili mzima, nikawaacha chumba kimoja mlango wazi. Nimekaa barazani kama lisaa hivi. Kurudi namkuta Msafiri kalala chali hajitetei hata kidogo, Chausiku kamkalia kifuani anamlamba lile sikio la kushoto, anatumia nguvu kama anafua shati. Usiku huo wakala wote. Nikampigia mama mkubwa nikamwambia wazima, ya Gungu sikumwambia, na akisomewa haya ndo atayajua leo.

Kuanzia hapo nikawa natafuta mtu wa wote wawili. Nikaweka picha statasi, wamelala wamefungamana hujui mkia ni wa nani. Watu wanapenda picha balaa, ila wanamtaka wa njano. "Huyo mweusi mbona ana macho vile", "huyo mweusi si wa watu huyo", meseji za hivyo zilinichosha. Mmoja alimtaka mweusi peke yake, na hela juu, elfu hamsini, nimpelekee usiku na nisimwambie mtu. Nikambloku palepale, hela ya hivyo hailiki.

Mwenye mashine ya kusaga mmoja akakubali wote bila hata kuuliza rangi. Nikafurahi, nikasema kabla sijawapeleka ngoja nikapaone. Nimefika naona pembeni ya magunia vipande vya nyanya vimepakwa sumu ya panya. Nikamuuliza mzee wangu, paka wakija hii utaacha? Akasema aache ya nini, si vyote vinasaidiana. Sasa zile sumu nyingi panya hafi palepale, anatembea kalegea siku mbili tatu, paka anamkamata kirahisi anamla na sumu yake tumboni. Nikashukuru nikaondoka. Jirani aliniona nachagua sana, kwamba paka tu hao. Sawa, paka tu, lakini niliwaahidia mtu.

Katikati hapo nikampeleka Chausiku kufungwa kizazi. Msafiri alishahasiwa zamani sababu ya ugomvi wa usiku, ila Chausiku alishazaa mara mbili, na paka mimba yake ni miezi miwili tu, ukimpa mtu majike ya hivyo baada ya muda mfupi ana paka sita na wewe ndo unalaumiwa. Wote wakapigwa chanjo ya kichaa nikapewa kadi. Ilinitoka hela ambayo ningenunua vioo viwili vya simu, lakini nikwambie ukweli, ile kadi ilifanya kazi kuliko picha. Mtu ukimuonyesha karatasi yenye muhuri anaanza kuongea na wewe kwa heshima.

Aliyewachukua nilimpata kibandani. Mzee mmoja mstaafu wa reli, wa Bangwe, alileta simu ya tochi haipeleki chaji. Shikamoo, marahaba, nafungua naona waya wa chaja aliokuja nao umetafunwa. Nikamuuliza mzee, kwako kuna panya? Akaanza kulalamika hapo, panya wamemaliza maharage stoo, wametoboa magunia, wamekula mpaka kiatu. Nikaacha simu nikamwambia mzee nina askari wawili. Akasema nipe mmoja. Nikamwambia hawagawanyiki, njoo Ujiji jioni saa kumi na mbili uone mwenyewe, na uje na mama.

Saa niliichagua makusudi, ndo saa ya sufuria. Mchana paka wanalala tu, mtu atawaona mizigo. Wakaja, nikagonga kijiko mara tatu, wakaanza ule mtindo wao, mmoja anakula mmoja lindo, kubadilishana, sikio kulambwa. Mzee alikuwa anaangalia kadi za chanjo, lakini mama alikaa kwenye kigoda haongei. Nikajua linakuja la mweusi. Nikaanza kujitetea mwenyewe kabla sijaulizwa, akanikata, "Mweusi ndo mzuri, usiku panya hamuoni." Mzee akatupia, "Na paka wa nyumba haingwa." Nikahisi mabega yameshuka.

Siku ya kuhama sikuwalisha tangu asubuhi wasije wakatapika njiani. Gunia nilikataa, nikachukua matenga mawili ya kuku, nikayafunga yamegusana, juu nikafunika ile kanga moja. Tenga moja kwa wote wawili niliogopa, wakitishika humo ndani wanaweza wakararuana, na nilishaona lile kofi. Bajaji kutoka Ujiji mpaka Bangwe Msafiri analia njia nzima kama anatangaza vituo, Chausiku kimya, amejikojolea.

Nilimuomba mzee wakae stoo wiki mbili mlango umefungwa, na beseni la mchanga, mkeka wao, kanga bila kufuliwa, na sufuria yao. Wakiachiwa mapema wanaanza kutafuta kwao kwa zamani, na kati ya Bangwe na Ujiji pikipiki ni nyingi. Siku mbili walikuwa nyuma ya magunia hawaonekani. Mama kila baada ya magharibi akawa anaingia stoo na tasbihi yake, anakaa kawapa ubavu, hawaangalii, hawaiti, anamaliza uradi wake anatoka. Siku ya tatu chakula kikakutwa kimeliwa. Siku ya tano Chausiku akaja kulalia ncha ya khanga aliyovaa huyo mama.

Mi nae nikaleta ufundi wangu. Nikamrekodi mama mkubwa kwa simu, anaita vile alivyozoea, nikaenda nikawasikilizisha. Msafiri aliinusa spika, akaipa mgongo. Mzee akachukua kijiko akagonga sufuria mara tatu, mbio wakaja. Alicheka mpaka akakohoa.

Mlango ulifunguliwa siku ya 16, jioni, kabla hawajala. Nilikuwepo. Msafiri akatoka mpaka getini, akasimama, akanusa upepo wa ziwa muda mrefu, na mi roho juu. Chausiku akabaki kizingitini anamuangalia. Kijiko kikagongwa. Akageuka.

Siku ziwa lilipofunguliwa mzee alininunulia na mi dagaa, akanipigia picha akanitumia, paka wawili juu ya gunia la maharage na chini yake panya mmoja hana kichwa. Nikaituma Dar. Mama mkubwa akapiga palepale, akauliza wanakula pamoja? Nikasema wanakula pamoja. Wanalala pamoja? Nikasema si unaona. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza na sufuria yangu je, wamerudisha?