Zamu za Wodini, Wikiendi za Jeshini

Tanga, Jumapili usiku

Vijana wa uuguzi hapa mjini wakianza kuzungumzia Marekani, habari yote huwa ni mtihani. Kweli NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi wa huko, ni mzito: maswali kati ya 85 na 150, saa 5, na kompyuta hupandisha au kushusha ugumu kadiri unavyojibu. Lakini kabla yake vyeti huhakikiwa, na hapo ndipo watu hukwama, maana chuo na Baraza la Uuguzi na Ukunga hutakiwa kutuma taarifa zako wenyewe. Nakala uliyoibeba mkononi haipokelewi. Fuatilia hilo kwanza, vitabu baadaye.

Leo namfikiria zaidi yule anayetaka pia kuwa afisa wa jeshi la akiba la huko. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, anaruhusiwa kujiunga kama askari wa kawaida. Muuguzi aliyesajiliwa, akitaka kutumika kwa taaluma yake, huingia kama afisa, na afisa kwa kawaida hutakiwa awe raia na awe na shahada ya uuguzi. Sehemu ya mafunzo ya mwanzo hufanyika kambi ya Fort Sam Houston, San Antonio, Texas.

Jeshi la akiba huchukua wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili hivi kwa mwaka. Wikiendi huhesabiwa vipindi 4, kila kimoja kwa malipo ya siku moja, kwa hiyo siku 2 hulipwa kama 4. Hospitalini kwa kawaida ni zamu 3 za saa 12 kwa wiki. Mambo huharibika Ijumaa usiku: zamu inaisha saa 1 asubuhi ya Jumamosi, na kikosini paredi nayo ni alfajiri ileile. Mtu amekesha na wagonjwa, kisha anashika usukani macho yanafumba.

Ukipata ratiba ya jeshi ya mwaka, ipeleke yote kwa maandishi kwa msimamizi wa wodi siku hiyohiyo, kabla zamu hazijapangwa. Sheria ya Marekani iitwayo USERRA, ya 1994, inakulindia kazi unapokuwa jeshini, ingawa mwajiri halazimiki kukulipa zamu uliyoikosa. Inakupa pia muda wa kufika nyumbani salama kutoka jeshini, na saa 8 za kupumzika, kabla ya kudaiwa zamu inayofuata. Wengi huona haya kuzidai saa hizo kwa kuwa wenzao wameelemewa. Mimi nasema wazidai. Macho yenye usingizi husoma uniti 4 za insulini kuwa 40, na mgonjwa huyo asubuhi haamki.

Zito kuliko yote ni uraia wa Marekani. Kwa kawaida unaombwa baada ya miaka 5 ya grini kadi. Kwa aliyefunga ndoa na raia, huenda ikawa 3. Ukila kiapo cha uraia huo, sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na wa Tanzania unaondoka. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo ilimwekea asiye raia mpaka: ardhi ni kwa ajili ya uwekezaji. Sasa fikiria shamba la machungwa Muheza, lililonunuliwa kwa jasho la zamu za ziada. Wengine huliandika jina la mdogo wao kwa kuaminiana tu, bila karatasi, na mdogo akioa kesi inaanza. Hata hadhi maalumu ya diaspora, ya wenye asili ya Tanzania walio raia wa kwingine, huombwa, haiji yenyewe. Haya yaongelewe na wazee nyumbani, na mwanasheria wa ardhi aulizwe, kabla fomu N-400 ya kuomba uraia haijatumwa.

Tena kuna viza ya kuingia Tanzania. Raia wa Marekani hulipa dola 100 kwa ile ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi. Mwenye wazazi wazee hapa Tanga, Ngamiani, afadhali awe nayo muda wote. Maziko hatayawahi, kwetu maiti huzikwa siku ileile. Lakini akiwa na viza mkononi na ruhusa ya kikosi, hitima ya siku ya tatu anaweza kuikuta.