Volvoksi zangu zilitoka kwenye tope kavu

Kila niliyemwuliza pa kupata volvoksi, mwani wa kijani wa majini unaoishi kwa makundi yenye umbo la mpira, alinijibu vilevile: chota maji ya kijani kuliko yote. Ushauri huo ulinipotezea karibu masika mazima! Nafundisha biolojia Dodoma, na nilikuwa nimeapa kwamba wanafunzi wangu hawatamaliza mwaka wakiijua volvoksi kwa mchoro wa ubaoni tu. Maji mazito ya kijani niliyobeba kutoka kwenye mabwawa ya samaki yalikuwa na bakteria wa kijani-buluu na nyuzi za mwani wa spirojira. Volvoksi, hakuna hata moja.

Nilikuja kuziona kwenye lambo la ng'ombe, maji maangavu yanayofika magotini. Nilipoinua glasi kwenye mwanga, vitone vya kijani vidogo kuliko kichwa cha pini vilikuwa vikijiviringisha. Nikajaza chupa hadi juu, nikakaza kizibo, nikapanda basi na jua lile. Nyumbani nilifungua uvundo mtupu. Safari ya pili niliziongezea maji ya bomba. Nadhani klorini ndiyo iliyozimaliza, maana hazikufika asubuhi. Niliporudi mara ya tatu, lambo limekauka.

Nilisimama pale na hasira zangu, ndipo nikakumbuka: hali ya maji ikiharibika, volvoksi huzaana kijinsia, na zigoti zake, yaani mayai yaliyorutubishwa, huvaa ganda gumu zikalala topeni kungoja mvua. Basi nikakwangua tope la katikati, palipokauka mwisho, nikalitia kwenye mfuko wa karatasi. Lilikaa kabatini miezi kadhaa. Kisha vijiko viwili kwenye bakuli jeupe, maji ya mvua juu yake, dirishani pasipopigwa na jua kali. Usilikoroge!

Wiki ya pili vitone vikatokea. Nikayahamishia maji kwenye mtungi wa kioo, nikaufunika kwa karatasi nyeusi, nikaacha tundu moja upande wa dirisha. Kwa kuwa huogelea kufuata mwanga, zote zilijikusanya tunduni pale, nikazivuta kwa bomba la dawa ya macho. Gharama yote ni nauli, labda elfu ishirini.

Kioo cha kufunikia nilikiegemeza kwenye vipande vya plastiki, maana kikizilalia zinapondeka. Chini ya hadubini, mpira wa ute, mamia ya seli pembezoni, kila moja na mijeledi yake miwili ya kuogelea, na ndani koloni changa, mipira midogo ya watoto, zikizunguka. Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea hadubini, aliziona hivyo mwaka 1700. Sisi tuliona moja ikipasuka, watoto wakatoka mmoja mmoja, na ganda la mama likabaki linaelea.