Utuombee

Bwana asifiwe, wapendwa.

Jumatano jioni tulikuwa matangani Kayole, kwa jirani aliyefiwa na mamake. Wenzake wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki waliongoza rozari, nasi wa makanisa mengine tukaketi nao chini ya hema. Baadaye ikafuata Litania ya Watakatifu. Mama mmoja akawa anataja majina, watu wanaitikia, "Utuombee." Dada wa kanisa letu aliyekaa kando yangu alifumba mdomo, macho chini. Njiani kwenda stejini akaniuliza, "Hao si wamekufa? Wanatusikiaje?"

Swali lake ni la haki. 1 Timotheo 2:5 yasema mpatanishi ni mmoja, mwanadamu Kristo Yesu, na mimi simwiti mtakatifu yeyote katika sala zangu. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, liliwaheshimu watakatifu kama mifano ya imani, ila likasema Maandiko hayatufundishi kuwaomba msaada. Hapo ndipo nasimama.

Lakini usiku ule niliyasikiliza maneno. Kwa Kristo walisema "utuhurumie." Kwa Maria, kwa Yosefu, kwa Karoli Lwanga, shahidi wa Uganda, "utuombee." Hakuna aliyechanganya, hata kijana aliyekuwa akisinzia karibu na jiko la makaa. Anayekuombea naye ana anayemwomba. Ni neno letu la kila siku: "Niombee, kesho naingia tieta kufanyiwa upasuaji." Mkatoliki, na Mwothodoksi vilevile, anaamini kifo hakikati undugu huo; Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1563 ulisema kuwaomba watakatifu maombezi ni jambo jema na la kufaa. Sisi twasema Biblia haijatupa ruhusa ya kuzungumza na waliolala. Tofauti hiyo ni ya kweli, wala siipunguzi. Ila kumwita jirani mwabudu sanamu ni kumshuhudia uongo, nasi tumeufanya sana mimbarani.

Lwanga aliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Siku ile Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja. Leo wengine huwaomba maombezi mashahidi wao, wengine huwakumbuka tu, tarehe ileile.

Tulipokuwa tukiaga, mfiwa alimshika mkono yule dada: "Uniombee." Akamwombea palepale, kwa sauti, na wale wa rozari wakaitikia Amina.

Wiki hii tusome Ufunuo 5:8 na Waebrania 12:1. Mazishi ni Jumamosi. Wanaoweza kufika tuonane huko.