Simu Haitachukuliwa: Uzoefu Wangu wa Kufundisha Matumizi Salama ya Teknolojia Shuleni

Nilipokabidhiwa kwa mara ya kwanza jukumu la kuwafundisha wanafunzi matumizi salama na ya uadilifu ya teknolojia, niliandaa kanuni 12, nikaziandika ubaoni, wanafunzi wakazinakili madaftarini, kisha tukazibandika ukutani. Usimpe mtu nywila yako. Usiwasiliane na mtu usiyemfahamu. Usitume picha zako ovyo. Mwishoni mwa muhula nilitoa jaribio na darasa zima likafaulu, nami nikaamini kwamba somo limeeleweka. Wiki hiyohiyo nikapata habari kwamba msichana mmoja, miongoni mwa waliopata alama za juu kabisa katika jaribio langu, alikuwa akidhihakiwa kwa wiki tatu katika kundi la darasa la kutumiana ujumbe: uso wake ulikuwa umekatwa kutoka kwenye picha ya kawaida na kubandikwa juu ya picha nyingine, ukaongezewa maneno ya kumdhalilisha, na picha hiyo ikawa inazunguka kutoka simu hadi simu.

Nilimwita nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Alinijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ningesema, simu ingechukuliwa." Alikuwa anasema kweli. Shuleni kwetu simu yoyote iliyohusika katika tatizo ilikuwa inazuiliwa hadi muhula uishe, bila kujali mwenye simu ndiye aliyetenda au ndiye aliyetendewa, na nyumbani nako wazazi wengi walikuwa na desturi hiyohiyo. Kwa mtoto wa umri ule, kwenda kueleza shida kulikuwa sawa na kujipeleka mwenyewe kwenye adhabu. Nilizipitia upya kanuni zangu, nikaona kwamba zote zilimwambia mwanafunzi asifanye nini, wala hapakuwa na hata moja iliyomweleza afanye nini jambo likishamfika.

Kwa hiyo, kabla ya kuandaa somo lolote jipya, nilikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba utaratibu ubadilishwe. Alinisikiliza, lakini baadhi ya walimu wenzangu walipinga kwa hoja yenye uzito: mwanafunzi mjanja angeweza kuwahi kuripoti ili aepuke adhabu ya kosa lake mwenyewe. Tulijadiliana kwa vikao kadhaa hadi tukakubaliana kwamba aliyedhuriwa na aliyeshuhudia hawatanyang'anywa simu kwa sababu ya kusema, na kwamba mtendaji anayekuja kukiri kabla hajagunduliwa atawajibishwa kwa uzito mdogo zaidi kuliko anayeficha. Tuliyaandika makubaliano hayo, tukawasomea wanafunzi, na wazazi wakayatia saini. Kwa miezi miwili baada ya hapo hakuna aliyekuja. Wa kwanza kuja alikuwa na jambo dogo tu, kwani alisahau kufunga akaunti yake kwenye kompyuta ya maabara na mwenzake akaandika upuuzi kwa jina lake. Nililishughulikia siku hiyohiyo, kimyakimya, bila kumwaibisha yeyote. Nina hakika kwamba lilikuwa jaribio la wanafunzi kunipima, kwa sababu wiki iliyofuata walikuja wengine watatu, na mambo yao hayakuwa madogo.

Somo lililobadilisha zaidi mwenendo wa darasa lilikuwa la kusambaza ujumbe. Nilimpa mwanafunzi mmoja karatasi yenye sentensi isiyo na madhara, nikamwomba awape nakala wenzake watano tu. Kisha tukapiga hesabu ubaoni: ikiwa kila mmoja wa hao watano atawatumia wengine watano, hatua ya pili ina watu 25, ya tatu 125, ya nne 625, na hatua hiyo ya nne pekee ilizidi idadi ya wanafunzi wote wa shule yetu. Baada ya hapo nikamtaka yule wa kwanza arudishe nakala zote. Darasa lilinyamaza, na ukimya ule ulinifundishia kuliko maneno yangu yote ya mwaka uliotangulia. Tulianza kujadili nani mwenye lawama: aliyeitengeneza picha, aliyeipitisha, aliyeweka alama ya kicheko, au aliyeiona akanyamaza? Hawakukubaliana, nami sikuwalazimisha wakubaliane. Katika mjadala huo sikukitaja kisa cha yule msichana, hata kwa kuficha jina. Najua walimu wengi hupenda kutumia kisa halisi wakidhani kwamba kuondoa jina kunatosha, lakini darasani kila mtu humjua anayesemwa, na mtoto huyo huumizwa mara ya pili na mtu aliyepaswa kumlinda.

Kuhusu nywila, nilidhani tatizo ni ujinga wa namna ya kuzitunga, kwa hiyo nilianza na hesabu. Namba ya siri ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000 tu, ya tarakimu 6 ina 1,000,000, na nywila ya herufi ndogo 8 za alfabeti yenye herufi 26 ina zaidi ya bilioni 208. Wanafunzi waliona wenyewe kwamba urefu ndio unaoleta nguvu, na kwamba maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyounganishwa pamoja, ni rahisi kuyakumbuka na ni magumu kuyakisia. Walilifurahia somo, lakini mazungumzo ya baadaye yalinionyesha kwamba shida yao ilikuwa nyingine kabisa: walikuwa wakipeana nywila kama ishara ya urafiki. Kumkatalia rafiki nywila yako kulihesabika kuwa ni kumshuku. Hapo hesabu haikufaa kitu. Niliwaomba waigize urafiki unaovunjika, na mmoja wao akabaki na funguo za mwenzake. Kisha tukatunga pamoja maneno ambayo mtu anaweza kuyatumia kukataa bila kumvunjia mwenzake heshima. Tuliongeza uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti kudai uthibitisho wa pili baada ya nywila, kwa wale wenye akaunti zinazouruhusu, na kila mmoja aliuwasha mwenyewe mbele yangu, bila mimi kuigusa simu yake.

Somo la picha ndilo lililonigusa mimi mwenyewe. Nilikuwa nikiwaonyesha kwamba picha iliyopigwa kwa simu yenye huduma ya mahali iliyowashwa inaweza kuhifadhi ndani yake tarehe, saa, aina ya simu na hata majiranukta, yaani namba zinazoonyesha kwenye ramani mahali ilipopigwa, na kwamba programu nyingi za kutumiana ujumbe huziondoa taarifa hizo picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, ilhali ikitumwa kama faili zinaweza kubaki. Tulitazama pia yale yanayoonekana kwa macho tu, kama vile beji ya shule, bango lililo nyuma au kioo kinachoakisi. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akaniuliza kwa adabu kama niliwaomba ruhusa kabla ya kuweka picha zao za mashindano kwenye ukurasa wangu. Sikuwa nimewaomba. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake isivyo halali, nami nilikuwa nimewasomea ibara hiyo wiki moja kabla. Niliwaomba radhi mbele ya darasa, nikaziondoa picha jioni hiyo, na tangu siku ile shuleni kwetu picha ya mwanafunzi haichapishwi bila idhini ya mzazi na ya mwanafunzi mwenyewe. Naamini kwamba hakuna somo la uadilifu litakaloshika mizizi ikiwa mwalimu hayumo ndani ya kanuni anazozifundisha.

Programu za akili unde zilipoenea baada ya ChatGPT kufunguliwa kwa umma Novemba 2022, baadhi yetu tulitaka kuzipiga marufuku. Mimi nilipendelea kuwapa wanafunzi insha iliyoandikwa na programu hiyo, nikawataka wahakiki kila dai na kila kitabu kilichotajwa. Waligundua vitabu visivyokuwepo. Kuanzia hapo walikubali wenyewe sharti la kueleza wametumia nini na kwa kiasi gani, kama wanavyotakiwa kumtaja mwenye picha au maandishi wanayoyaazima.

Jambo lililonitia hofu zaidi kulifundisha ni vitisho vya picha za faragha, yaani mtu kutishia kusambaza picha ya mwenzake ya faragha asipolipwa, na kwa muda mrefu nililikwepa kwa kisingizio kwamba wanafunzi wangu ni wadogo. Nilikosea. Sasa ninalifundisha kwa lugha ya staha, na mpangilio wake wanaujua kwa moyo: usilipe, kwa sababu anayelipwa mara moja hurudi kudai tena, acha kujibu, hifadhi ujumbe wa vitisho, jina la akaunti na tarehe, mzuie mhusika na umripoti kwenye programu yenyewe, mwambie mtu mzima unayemwamini. Walimu wenzangu nami tuna sharti letu pia, kwamba hatuiombi picha hiyo, hatuitazami, wala hatuitumi kwa yeyote kwa jina la ushahidi, bali tunawaachia vyombo vinavyohusika. Wanafunzi huwa wanapata nafuu wanapoelezwa kwamba ipo huduma ya bure ya Take It Down, inayoendeshwa na NCMEC, shirika la Marekani linaloshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ambayo hutengeneza alama ya kidijiti (mfuatano wa herufi na namba unaoitambulisha picha) ya picha iliyopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18 ili mitandao inayoshiriki iweze kuitambua na kuiondoa, bila picha yenyewe kuondoka kwenye simu yake.

Muhula uliopita mvulana wa darasa la chini alinisubiri nje ya chumba cha walimu, simu akiwa ameilaza kifudifudi kifuani. Mtu aliyejifanya rika lake alikuwa akimdai pesa tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Alinieleza kwamba hakulipa, hakujibu tena, na hakufuta chochote. Kisha akaniuliza kama simu yake itachukuliwa. Nilimwambia haitachukuliwa. Akavuta kiti, akaketi, akaanza kunisimulia tangu mwanzo.