Kuhamisha data ya studio huku kazi ikiendelea

Hali ilivyo kabla sijagusa kitu: sanduku la zamani la kuhifadhia data ni la diski za SAS (aina ya diski za seva), nililinunua mtumba baada ya ofisi moja kubadilisha vifaa vyake. Linatoa volyumu (vipande vya nafasi ya diski) kwa iSCSI, yaani kupitia mtandao kama diski ya kawaida, kwenye seva yangu ya Linux, na juu yake kuna LVM, programu inayounganisha diski kuwa kundi moja na kuligawa. Bado linafanya kazi, ila linanguruma, linakula umeme, na diski za kubadilishia zinazidi kuadimika. Linakopokelewa mzigo ni seva mpya yenye ZFS (mfumo wa faili unaosimamia diski zenyewe na kukagua data yake). Ndani ya sanduku la zamani mna vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa: mashine pepe chache (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva), mojawapo ikibeba hifadhidata ya PostgreSQL ya oda za studio ya kaka yangu, na TB 6 hivi za picha na video za harusi. Sharti lake ni moja. "Usiku zima utakavyo, saa mbili asubuhi wahariri wangu wawe kazini."

Kwa hesabu ya haraka sharti hilo halitimiziki. Waya wa gigabiti moja hupitisha MB 110 hivi kwa sekunde, kwa hiyo TB 6 zinataka saa 15 na ushee, na hapo sijahesabu faili ndogondogo zinazokokota mwendo. Wakuu wengi wangenishauri ninunue kadi za mtandao za 10G (gigabiti kumi). Zinasaidia, sikatai, lakini nakala ya kwanza inaweza kuchukua hata wiki nzima bila kumsumbua mtu. Kinachoamua huduma izimwe kwa muda gani ni kiasi gani kimebadilika tangu nakala iliyopita, na unakitambuaje.

Mashine pepe

Hapa sikuzima chochote. Seva mpya ikatoa volyumu kwa iSCSI, nikaiunganisha kwenye kundi lilelile la LVM kwa `vgextend`, kisha `pvmove` ikahamisha volyumu moja baada ya nyingine. Inachofanya ni kutengeneza kioo cha muda: kipande kinachohamishwa huandikwa pande zote mbili hadi kilingane, halafu ramani ya LVM inageuzwa kuelekea upande mpya. PostgreSQL haijui kwamba nyumba imehamishwa ikiwa ndani, ingawa majibu yake hupungua kasi kidogo.

Kuna mambo mawili niliyakagua kwanza. La kwanza ni ukubwa wa sekta, kipimo kidogo kabisa cha kusoma na kuandika kwenye diski. Sanduku la zamani linasema baiti 512. Volyumu mpya ilikuja na 4096, nilivyoona kwa `blockdev --getss`. Mfumo wa faili wa XFS uliotengenezwa juu ya sekta za 512 unaweza kugoma kufunguka ukishahamishiwa kwenye 4096, na utagundua siku ya kuwasha upya, sanduku la zamani ukiwa umeshaliondoa. LVM za karibuni hukataa mchanganyiko huo, za zamani zilinyamaza tu. Nikaitengeneza upya volyumu kwa 512.

La pili ni umeme. Nilitengeneza volyumu ndogo ya majaribio na kuchomoa waya makusudi katikati ya safari. Baada ya kuwasha, `pvmove` bila kuitajia diski yoyote iliendelea kutoka ilipoishia. Ila kumbuka kwamba muda wote wa kuhama, kundi la volyumu linategemea masanduku yote mawili, na moja likizima yote yameanguka. UPS ihudumie yote mawili, pamoja na swichi iliyo katikati.

Picha

Huku nilitaka data ikae kwenye ZFS moja kwa moja, hivyo `pvmove` haifai. Ni `rsync -aHAX --numeric-ids`, programu inayonakili faili zilizobadilika tu, mzunguko baada ya mzunguko. VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, nao walipita njia hii: Storage vMotion, zana yao ya kuhamisha diski za mashine pepe zikiwa kazini, kwenye ESX 3.5 ilitegemea snapshoti (nakala ya data ilivyo kwa wakati mmoja), vSphere 4 iliyofuata ikafuatilia bloku (vipande vidogo vya data) zilizobadilika na kurudia mizunguko, na vSphere 5.0 ya mwaka 2011 ndiyo ikaanza kuandika pande zote mbili kwa pamoja.

Tatizo la rsync ni kwamba haina kumbukumbu. Hata kama zimebadilika faili kumi tu, lazima ipite faili zote ikiuliza ukubwa na tarehe. ZFS haina haja ya hilo, maana kila bloku ina alama ya lini ilizaliwa, na `zfs send -i` inaruka moja kwa moja kwenye mapya. Mzunguko wangu wa pili ulinakili kidogo sana lakini ulitumia muda mrefu kutembea tu kwenye vijipicha vya katalogi za Lightroom, programu ya kupangia na kuhariri picha.

Kwa hiyo nikapunguza matembezi. Folda za miaka iliyopita nilizigeuza kuwa za kusoma tu kwenye Samba (huduma inayowafikishia wahariri folda kupitia mtandao), nikazilinganisha mara moja kwa `--checksum`, inayolinganisha yaliyomo ndani ya faili na si tarehe tu, kisha nikazitoa kabisa kwenye mzunguko wa mwisho. Ulinganishi huo ni wa lazima hata kama kuna ZFS: cheksamu zake (namba za kukagua data) hulinda kile ilichopokea, haziwezi kujua kama ilichopokea ndicho kilichotumwa.

Usiku wenyewe

Nilichagua Jumatano. Harusi ni Jumamosi, Jumapili na Jumatatu kadi za kamera zinamiminwa, katikati ya wiki ndipo data inatulia. Samba ya zamani ikazimwa, mzunguko wa mwisho ukapita na `--delete` (kinachofutwa upande wa zamani kifutwe na upande mpya), jina la seva likaelekezwa kwenye anwani mpya (TTL ya DNS, muda ambao kompyuta hukumbuka anwani ya jina, nilishaishusha hadi sekunde 300 tangu jana yake). Jina la seva na la folda sikuyabadili hata herufi moja, kwa sababu katalogi za Lightroom hukariri njia ya kila picha. Huduma haikuzimwa hata nusu saa, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nakagua ruhusa.

Sasa rsync inakimbia kinyume kila usiku, kutoka jipya kwenda la zamani, ili kurudi nyuma kusimaanishe kupoteza kazi ya wahariri. Sanduku la zamani likishatimiza mwezi hivyo nitafuta diski zake na kuliuza, kisha nianze kutuma snapshoti kwenye mashine ya pili iliyoko nyumbani kwa broo.