Panya, Hamira na Mwarobaini wa Bibi

Juzi nikikanda unga wa mahamri, nikajikuta namwambia mwanangu kwamba hamira hii hii niliwahi kuwatia nayo panya homa. Akashangaa. "Mama, kwani panya wanaumwa homa?"

Wanaumwa, ukiwatafutia.

Ilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na kwa kiburi cha mjukuu nikachagua kupima mwarobaini wa Bibi. Majani niliyaanika kivulini, nikayatwanga, nikayaloweka kwenye spiriti, nikachuja na kukausha hadi nikabaki na kitu cheusi, kichungu kisichosemeka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi nyepesi.

Homa yenyewe inatengenezwa hivi: hamira asilimia 20 kwenye maji ya chumvi, sindano chini ya ngozi ya mgongo, halafu unasubiri saa 18. Mwili unadhani umevamiwa, unapandisha joto. Panya ambaye hajapanda hata nusu nyuzi unamtoa kwenye hesabu.

Asubuhi ile mzee aliyekuwa akiwalea wale panya alisimama nyuma yangu. Nilikuwa nimemshika wa kwanza, mweupe, macho mekundu, mkia umekakamaa. Kipimajoto kinaingia kwa nyuma, ncha imepakwa mafuta ya mgando, na sharti kitulie mpaka namba ziache kucheza. Zangu hazikuacha.

"Binti, usimbane," mzee akasema. "Ukimtisha, joto linapanda lenyewe, halafu utaisingizia hamira."

Akamfunika kichwa kwa kitambaa, humo humo kiganjani mwangu. Nikasikia mbavu zikienda mbio chini ya kidole gumba, zikaenda, zikapoa. Nyuzi 38.9. Nikaandika.

Kundi moja lilipewa maji matupu, jingine parasetamoli, jingine mwarobaini. Parasetamoli ilitangulia kushusha. Mwarobaini ulichelewa, lakini ulishusha. Na kati ya wale wa maji, mmoja alipoa bila kuomba ruhusa ya mtu. Huyo ndiye ninayemkumbuka kuliko wote. Wagonjwa wangapi wa Bibi wangepoa hivyo hivyo? Hasa wa malaria, ambayo homa yake hupanda na kushuka huku vijidudu vikiendelea kupasua chembe za damu kimyakimya.

Likizo nikampelekea habari. Alisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kuchambua mchele.

"Mliwafukiza?"

"Tuliwanywesha, Bibi."

"Wewe nilikunywesha lini?"

Kweli, hakuwahi. Kwake homa ilikuwa sufuria inayotokota, blanketi zito, mvuke wa majani unaowasha macho, na yeye nje akikukataza kuchungulia. Uchungu wa majani yale mimi niliujulia maabara.

Nilipomsimulia msimamizi wangu, alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema niliweke hilo kwenye mapendekezo. Nililiweka. Mpaka leo sijasikia mtafiti aliyemfunika panya blanketi.